Silsila ya Bagamoyo: Mazungumzo juu ya Twarika ya Qadiriya

Twarika ni neno la Kiarabu lenye maana ya njia, na katika Mrima, yaani ukanda wa pwani unaotazamana na Unguja, neno hilo limetumika kwa zaidi ya miaka 100 kuutaja udugu wa Waislamu wanaomfuata sheikh mmoja, wanaosoma uradi mmoja, na wanaokutana kwa siku zinazojulikana ili kumtaja Mwenyezi Mungu kwa pamoja. Mji wa Bagamoyo, ulioko kilomita 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam, ni mmoja wa miji iliyoukuza udugu huo katika Afrika Mashariki, ingawa maandishi mengi yanayoutaja mji huu hukomea kwenye pembe za ndovu, misafara ya watumwa na utawala wa Wajerumani. Mazungumzo yanayofuata ni ya watu wawili: mzee aliyelelewa katika twarika hata akawa mwalimu wa chuo cha Kurani, na kijana msomi anayetaka kufahamu asili ya udugu huo, alama zake na desturi zake. Wamekaa barazani baada ya sala ya alasiri.

MUULIZAJI: Shikamoo, mwalimu.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Karibu kitako.

MUULIZAJI: Wapo watu ambao wakisikia neno twarika hudhani kuwa ni madhehebu mengine ya dini, na wapo wanaodhani kuwa ni chama cha siri chenye viapo. Lipi kati ya hayo ndilo?

MZEE: Hakuna hata moja. Madhehebu ni njia ya kuifahamu sheria ya dini, na mtu wa Qadiriya wa Bagamoyo husali, hufunga na hugawa mirathi kwa madhehebu ya Imamu Shafii kama Waislamu wengi wa pwani hii, bila kuongeza rakaa wala kupunguza. Twarika huja baada ya hayo, ikiwa ni malezi ya moyo chini ya mlezi. Tazama nazi. Sharia ni kifuu, ambacho bila yake nyama ya ndani ingeoza zamani. Twarika ni ile kazi ya kukaa juu ya mbuzi na kuikuna, kisha kuikamua. Na kinachopatikana, yaani tui, ndicho masufi wanachokiita hakika, maana yake ukweli wa mambo. Anayetaka tui bila kifuu hana nazi, na anayekaa na kifuu siku zote bila kukuna hajala.

Ama hilo la chama cha siri, latokana na kufananisha udugu huu na udugu wa watu wengine. Uingereza, kwa mfano, wako Wafrimasoni, ambao baraza lao kuu la kwanza liliundwa London mwaka 1717, nao wana ishara za kutambuana na viapo vya kutotoa nje yanayosemwa ndani. Twarika ina ahadi, ina vyeo, ina alama, na kwa hiyo anayeitazama kwa mbali hupata sura inayokaribiana na hiyo. Lakini dhikri ya Bagamoyo hufanywa mlango ukiwa wazi, watoto wakichungulia, na anayepita njiani husikia kila neno.

MUULIZAJI: Na hii inayoitwa Qadiriya imetoka wapi?

MZEE: Imepewa jina la Sheikh Abdulqadir al-Jilani, aliyezaliwa mwaka 470 wa Hijria, yaani 1077 au 1078, katika nchi ya Gilan iliyo kusini ya Bahari ya Kaspi, akaenda Baghdad kusoma angali kijana, akawa mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali na mhubiri aliyesikilizwa na watu wengi mno, akafa huko mwaka 1166. Husimuliwa katika vitabu vya manakibu, yaani vitabu vinavyotaja sifa za mawalii, kwamba mama yake alimshonea dinari 40 ndani ya nguo akamuusia asiseme uongo, na wezi walipouvamia msafara wakamuuliza ana nini, akawaambia kweli. Mkuu wao akaona haya, akatubu mbele ya mtoto. Kisa hiki hupendwa sana hapa, na si ajabu, kwa kuwa Bagamoyo ni mji wa misafara, na kila mtu alijua maana ya mtoto kukutwa na watu wenye silaha katikati ya safari.

Baada yake wanawe na wanafunzi wake wakaieneza njia hiyo, ikafika Uturuki, India, Afrika ya Magharibi na Somalia. Kutoka Somalia ndiko ilikoingia kwetu kwa nguvu.

MUULIZAJI: Kwa mkono wa nani?

MZEE: Wa Sheikh Uwesi bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847. Barawa ni mji wa pwani ya Somalia ambao wenyeji wake husema Chimini, lugha ndugu ya Kiswahili. Uwesi hakuwa mtu wa ukoo mkubwa. Alikwenda Baghdad, akakaa kwa kizazi cha Sheikh Abdulqadir mwenyewe, akapewa ijaza, nayo ni idhini ya kuwaingiza wengine katika twarika na kuwalea. Aliporudi akawa anasafiri baina ya pwani hiyo ya Benadir na Unguja, akipokewa vyema na masultani kuanzia zama za Seyyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888. Unguja aliwateua makhalifa, yaani manaibu wenye idhini, nao wakavuka bahari kuja Mrima na wengine wakaenda mbali zaidi. Kwa sababu yake tawi hili la Qadiriya huitwa Uwesiya. Yeye mwenyewe aliuawa mwaka 1909 huko Biyoley, Somalia, na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdallah Hassan, ambaye alikuwa wa twarika ya Salihiya na ambaye alipinga vikali desturi ya tawasuli, yaani kumwomba Mungu kwa jaha ya mtu mwema aliyekwisha kufa. Kwa hiyo ugomvi unaosikika leo misikitini juu ya jambo hilo si wa leo, na umekwisha kumwaga damu ya mwanachuoni.

MUULIZAJI: Mwalimu amesema makhalifa walivuka bahari. Bagamoyo waliwakuta watu gani?

MZEE: Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, na yafaa pasiharakishwe. Bagamoyo ya mwisho wa karne ya 19 ulikuwa mji uliopangwa kwa daraja kama ngazi. Walikuwako Washomvi na wakuu wao walioitwa majumbe, waliohesabu kuwa mji ni wao. Walikuwako Waarabu wa Omani wenye mashamba ya minazi na mitaji ya misafara. Walikuwako Wahindi wenye maduka na vitabu vya deni. Halafu Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua wa vijiji vya jirani. Halafu wapagazi Wanyamwezi waliokuja kwa maelfu kila msimu wa kiangazi. Na chini ya wote watumwa, wengi wao wakiwa wametoka Manyema, mashariki ya Kongo, kwa mwendo wa miezi. Neno lililowatenga watu lilikuwa uungwana. Muungwana ni mtu mwenye wazee wanaotajika: akiulizwa ni nani, hujibu kwa kutaja baba, babu na ukoo. Mtumwa alipoulizwa hakuwa na la kujibu, si kwa kuwa hakuzaliwa na watu, bali kwa kuwa njia ya kurudi kwa watu hao ilikuwa imekatwa, na majina yao hayakuwa na maana kwa yeyote katika mji. Hata alipoachwa huru aliitwa huru wa fulani, yaani jina la bwana bado likamfuata mlangoni, na kwenye kuoa na kwenye kuzikwa.

Sasa sikiliza neno silsila. Kila sheikh wa twarika ana orodha ya walezi: yeye amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, hadi kwa Sheikh Abdulqadir, na kutoka hapo kupitia Junaid wa Baghdad aliyekufa mwaka 910, na Maarufu al-Karkhi, na wengineo, hadi kwa Sayyidna Ali na kwa Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie. Orodha hiyo huitwa silsila, na silsila kwa Kiarabu ni mnyororo. Mtu aliyeletwa pwani shingo yake ikiwa katika mnyororo wa chuma alipewa mnyororo mwingine wa kushika kwa mkono wake mwenyewe, ambao kila pete yake ni jina la mtu, na pete ya mwisho ni yeye. Tangu siku hiyo, akiulizwa wazee wake, alikuwa na la kujibu, na jibu lake lilikuwa refu kuliko la muungwana.

MUULIZAJI: Je, hayo yalitokea kweli, au ni tafsiri ya watu wa baadaye?

MZEE: Tazama maisha ya Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, akaletwa Bagamoyo mtoto, akawa mtumwa katika nyumba ya tajiri Mwarabu wa ukoo wa al-Lamki. Jina bin Abdallah, lenye maana ya mwana wa mja wa Mungu, lilikuwa ndilo jina alilopewa kwa kawaida mtu aliyesilimu ambaye baba yake hakuwa na jina la Kiislamu la kutajwa. Kwa masikio ya mji ule lilikuwa kama kovu. Ramiya alianza na biashara ndogo ya samaki, akadunduliza, akanunua minazi, akasoma kwa wanavyuoni, kisha akafungua chuo chake mwenyewe. Akapewa ijaza ya Qadiriya, na kabla ya kufa mwaka 1931 alikuwa ndiye sheikh mkubwa wa twarika hiyo katika pwani hii, ambaye watoto wa waungwana walikuja kupiga magoti mbele yake wasome. Waingereza walipouteka mji Agosti 1916, alishika kwa muda hata cheo cha uliwali, yaani utawala wa mji kwa niaba ya serikali.

Pima jambo hilo kwa tarehe. Wajerumani hawakuufuta utumwa hapa. Walichofanya ni kuamuru kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na sheria ya kuufuta kabisa katika Tanganyika ilikuja mwaka 1922 chini ya Waingereza. Kwa hiyo mtu aliyewahi kuwa mtumwa alikuwa amekwisha kuwa mlezi wa waungwana kabla serikali haijatamka kwamba watu wote ni huru. Twarika ilitangulia sheria.

MUULIZAJI: Wenye mji walikubali?

MZEE: Si wote, wala si kwa upesi. Wako waliokuwa na misikiti yao na masheikh wao, na mashindano ya nani aongoze sala na nani asome hotuba ya Ijumaa yalikuwa mashindano ya daraja za kale kwa jina jipya. Lakini hata mwenye chuki hakuweza kuikana silsila, kwa sababu angeikana ya Ramiya angekuwa ameikana ya Baghdad. Na ndani ya silsila yenyewe mlikuwa na hoja. Mmoja wa walio katika mnyororo huo, kwa upande mmoja wa mapokezi yake, ni Hasan wa Basra, aliyekufa mwaka 728, ambaye wazazi wake walikuwa mateka wakaachwa huru Madina. Mwana wa mateka yuko kati ya sheikh wa leo na Mtume. Asiyemtaka mtumwa katika njia hii lazima kwanza amwondoe Hasan.

MUULIZAJI: Mtu huingiaje katika twarika?

MZEE: Huingia kwa baia, yaani ahadi. Atakaye huja akiwa na udhu, hukaa mbele ya sheikh au khalifa magoti kwa magoti, hutiliana mikono, mkono wa kulia wa mmoja katika wa mwenzake. Sheikh hutamka maneno ya kuomba msamaha wa Mungu na ya kumsalia Mtume, naye huyafuatisha. Kisha hutamkishwa kalima, la ilaha illa Allah, kwa utulivu, na huusiwa kuhusu sala, ukweli, kuwatii wazazi na kutodhulumu. Mwisho hupewa uradi wake, nao ni maneno maalumu ya dhikri ya kusoma kila siku kwa idadi maalumu, na Fatiha husomwa. Baada ya hapo huitwa muridi, maana yake mwenye kutaka. Yafaa lizingatiwe neno hilo: haitwi aliyepata, huitwa anayetaka.

Anayebaki muda mrefu na kuonekana kuwa mwaminifu huweza kuwa nakibu, ambaye ndiye mwangalizi wa shughuli: apange safu, apokee wageni, asimamie chai na chakula, atunze bendera. Juu yake yuko khalifa, mwenye ijaza ya maandishi ambayo ndani yake silsila imeandikwa jina kwa jina. Na juu ya makhalifa yuko sheikh. Cheo hakinunuliwi kwa karamu, kama vilivyonunuliwa zamani vyeo vya ujumbe katika miji ya Mrima, ambapo aliyetaka kupanda daraja aliwalisha wakubwa na kuwagawia nguo hadi akafilisika.

MUULIZAJI: Na dhikri yenyewe ikoje, kwa mtu ambaye hajapata kuiona?

MZEE: Dhikri ni kutaja. Husomwa usiku wa kuamkia Ijumaa, na katika nyakati nyingine kama maulidi na khitima, yaani kisomo cha kumwombea maiti. Watu hukaa kwanza, zawiyani, yaani katika nyumba ya twarika, au msikitini, wakasoma uradi kwa sauti moja ya chini. Kalima hurudiwa polepole, kichwa kikielekea kulia kisha kushoto upande wa moyo. Baadaye husimama, wakafanya halka, yaani duara au safu zinazotazamana, bega kwa bega, na mara nyingi mkono kwa mkono. Mmoja aliye katikati huongoza mwendo kwa mkono wake na kwa miguu yake, na mwenye sauti njema husoma kasida pembeni. Jina la Mungu hufupizwa na pumzi hadi linakuwa pumzi yenyewe, ikitoka kifuani kwa pamoja, watu 50 wakavuta na kutoa kama mtu mmoja, wakiinama na kuinuka. Ndipo mwendo unapoharakishwa, kisha kiongozi huukata kwa ishara moja, na kimya kinachofuata huwa kizito kuliko sauti iliyopita.

Pumzi hiyo ndiyo iliyowaudhi wengi. Wapinzani waliifananisha na kukohoa, wakasema haifai msikitini, na baadhi ya wanavyuoni wakubwa wa pwani waliandika kupinga mengi ya mambo hayo. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekufa mwaka 1982, aliyeitafsiri Kurani kwa Kiswahili na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ni mmoja wa waliojulikana sana kwa kuzipinga bidaa, yaani mambo yaliyozushwa katika dini. Hoja zake ni za mwanachuoni na zastahili kujibiwa kwa adabu. Jibu la watu wa twarika ni kwamba Kurani imeamrisha Mungu atajwe kwa wingi, kwa kusimama, kwa kukaa na kwa kulala ubavu, na kwamba anayeitoa dhikri nje ya mipaka ya sheria, kwa mchezo au kwa kujionyesha, huyo twarika yenyewe humkataza. Lakini kuna jambo jingine ambalo hoja za vitabu hazilifikii. Mpagazi aliyebeba mzigo wa ratili 70 kutoka Tabora alijua kupumua kwa pamoja na wenzake. Mvuvi anayevuta juya pale ufukweni anajua. Dhikri iliichukua pumzi ya kazi, pumzi ya watu ambao miili yao ilikuwa mali ya wengine, ikaipa jina la Mungu. Waliokuwa wakiicheka hawakuwahi kubeba kitu.

MUULIZAJI: Alama za twarika ni zipi? Huonekana bendera, tasbihi, ubani.

MZEE: Bendera ndiyo inayoonekana kwanza. Hubebwa mbele ya muridi wanaposafiri kwenda ziara au maulidi, ikiwa na maandishi ya kalima na mara nyingi jina la Sheikh Abdulqadir, na rangi ya kijani hupendwa. Maana yake ni mkusanyiko: asiyejua pa kwenda huitazama. Kundi la mji fulani likifika na bendera yake hupokewa nje ya mji kwa kasida na dufu, kisha huongozwa ndani, kwa hiyo bendera ni adabu ya mgeni na mwenyeji kuliko kuwa pambo.

Tasbihi yenye punje 99, au 33 zinazozungushwa mara tatu, ni ya kuhesabia uradi, na punje moja ndefu inayozifunga zote huitwa imamu. Kanzu nyeupe na kofia ni vazi la kila mtu wa pwani, ila katika halka vinafanya kazi ya pekee: mwenye shamba na mchukuzi wake wakiwa wamevaa sawa, jicho halipati pa kuwatenga. Ubani na udi huchomwa katika chetezo, na marashi ya mawaridi hunyunyizwa kwa mrashi, kwa kuwa mahali anapotajwa Mungu na Mtume wake pastahili harufu njema. Huko Uturuki tawi moja la Qadiriya lina alama ya ua la waridi linalodariziwa juu ya kofia. Hapa waridi limebaki kuwa harufu.

Kuna na alama ambayo watu hawaihesabu kuwa alama, nayo ni sinia. Baada ya dhikri au maulidi huletwa pilau katika masinia, na watu huketi wanne au watano kwa sinia moja, wakala kwa mkono bila kuchagua ni nani wa kukaa naye. Katika mji ambao mtumwa alikula mabaki ya bwana wake nyuma ya nyumba, mkono wake kuingia katika sinia lile lile lilikuwa tamko ambalo hakuna hotuba ingeliweza kulitoa.

MUULIZAJI: Wanawake wana nafasi gani?

MZEE: Wana nafasi tangu mwanzo. Wapo waliochukua baia na kupewa uradi, na wanazo halka zao nyuma ya pazia au majumbani. Barawa walimpata Dada Masiti, mshairi wa Chimini wa zama za Sheikh Uwesi, ambaye tenzi zake zimebaki vinywani mwa watu wa mji ule. Na katika Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, mmoja wa walioipanda Qadiriya kando ya ziwa, huko Kota Kota, alikuwa mwanamke, Mtumwa binti Ali, aliyeipokea Unguja. Jina lake mwenyewe ni ushuhuda wa yale yaliyokwisha kusemwa.

MUULIZAJI: Wakoloni waliutazamaje udugu huu?

MZEE: Kwa hofu. Mwaka 1908, vita ya Maji Maji ikiwa imezimwa mwaka uliotangulia, barua iliyodaiwa kutoka Makka ikasambaa kusini ya pwani, ikiwaonya Waislamu kuwa Kiyama kimekaribia na kuwataka wajitenge na makafiri. Wajerumani wakaanza kuwachunguza masheikh wa twarika kila mahali. Waingereza walipendelea kuwa karibu nao kuliko kuwawinda. Mwana wa Ramiya, Sheikh Muhammad, aliyerithi uongozi wa baba yake, alikuwa upande wa TANU chama hicho kilipokuwa kikidai uhuru, na muridi wengi waliingia chamani kwa kumfuata, maana walikuwa wamekwisha kuzoea mkutano ambao hauulizi kabila.

MUULIZAJI: Nje ya Bagamoyo njia hii ilifika wapi, na je, kuna twarika nyingine?

MZEE: Ya Bagamoyo ilishuka Uzaramo, Rufiji na Mafia, ikapanda bara, na baada ya reli ya kati kufika Kigoma mwaka 1914, njia ile ile iliyowaleta Wamanyema kwa minyororo ikawa ya muridi kwenda na kurudi kwa gari moshi. Tabora ilikuwa na Qadiriya yake iliyoletwa na watu wa Barawa. Twarika nyingine ni Shadhiliya, iliyoenezwa kutoka Ngazija na Sheikh Muhammad Maarufu, aliyezaliwa 1853 na kufa 1905, na ambayo kituo chake kikubwa Tanganyika kilikuwa Kilwa. Nyingine ni Alawiya ya masharifu wa Hadhramaut, yenye Lamu kama mji wake. Na Rifaiya, ambayo Unguja imeacha maulidi ya homu, ambapo wasomaji hukaa safu moja wakainama na kuinuka kwa mwendo mmoja. Kila moja ina uradi wake, lakini mtu wa Shadhiliya akifa, wa Qadiriya humsomea khitima.

MUULIZAJI: Na maulidi ya Bagamoyo, ambayo huwavuta watu kutoka mbali?

MZEE: Maulidi ni kusoma habari za kuzaliwa Mtume, na kitabu kinachosomwa sana hapa ni cha Barzanji, mwanachuoni wa Madina wa karne ya 18, ambaye pia aliandika manakibu ya Sheikh Abdulqadir, kwa hiyo mwandishi mmoja anawahudumia muridi katika mikutano yao miwili. Katika mwezi wa Mfungo Sita, ambao Waarabu huuita Rabi al-Awwal, muridi wa miji mbalimbali huja na bendera zao Bagamoyo, wakapokewa na kulishwa, wakasoma usiku kucha. Pamoja na maulidi iko ziara, nayo ni kuyazuru makaburi ya masheikh, na hauli, ambayo ni kumbukumbu ya kila mwaka ya kufa kwao. Mji mzima hufanya kazi siku hizo: wa kupika, wa kuchota maji, wa kutandika majamvi, wa kuwalaza wageni ukumbini. Nakibu hulala mwisho wa wote na kuamka kabla yao.

MUULIZAJI: Mgeni asiye na uradi, akifika dhikri imekwisha kuanza, asimame wapi? Akae nyuma?

MZEE: Hasimami nyuma, maana duara halina nyuma. Huvua viatu mlangoni, husogea hadi kwenye halka, na hapo hana haja ya kusema kitu. Wawili walio karibu naye huachana mikono, humpisha katikati, kisha kila mmoja humshika upande wake, na mwendo unaendelea.